Kizunguzungu: Daktari Anahitaji Maelezo Yako Kabla ya Mashine

Wasomaji wetu wanauliza swali lilelile, maneno yakibadilika kidogo tu: “Nimepimwa malaria, presha, sukari na wingi wa damu. Majibu yote mazuri, lakini bado nasikia kizunguzungu. Nina ugonjwa gani? Nikapige picha ya kichwa?” Wengi wanaouliza hivyo wameshazunguka zahanati na maduka ya dawa, fedha zimekwisha, na nyumbani wana mfuko wa vidonge ambavyo havijawasaidia.

Msimamo wangu, baada ya kuwaona wagonjwa wa namna hii kwa muda mrefu, ni huu: kwa walio wengi, ugonjwa unajulikana kwa maelezo yao na uchunguzi mfupi kitandani. Mashine huja baadaye, ikihitajika. Shida ni kwamba maelezo hayo mara nyingi hayaulizwi, na mgonjwa naye anaingia chumbani kwa daktari hajajiandaa. Hapa nataka nikuandae wewe.

Kabla ya yote: hali zisizosubiri

Ukisikia kizunguzungu pamoja na mojawapo ya haya, usipite duka la dawa, usisubiri kesho. Nenda hospitali sasa hivi, na mtu akusindikize.

- Uso kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kumeza.
- Kushindwa kusimama, au hata kukaa, bila kushikiliwa.
- Maumivu ya ghafla na makali ya kichwa au shingo ambayo hujawahi kuyapata.
- Kuzimia, maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kurukaruka.
- Sikio moja kuziba kabisa ghafla, husikii. Wengi hudhani ni nta au mafua. Ikiwa mshipa wa fahamu wa sikio ndio ulioathirika, dawa husaidia zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo.
- Homa na shingo kukakamaa, au sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu ambalo sasa limeanza kuleta kizunguzungu.
- Kuanguka au kugongwa kichwani, hata kama ajali ya bodaboda ilikuwa juzi na ulijiona mzima.
- Choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kizunguzungu na maumivu ya tumbo kwa mwanamke ambaye huenda ni mjamzito.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari apimwe sukari papo hapo. Hakuna mashine nyumbani? Kama anajitambua na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari kwanza, ndipo mwondoke.

Kwa dalili za kiharusi, andika saa zilipoanza. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mwanzo wa dalili, na daktari atauliza saa hiyo kabla ya jambo jingine lolote.

Andika haya kabla hujaondoka nyumbani

Daktari akiuliza “unasikiaje?”, wengi hujibu “nasikia kizunguzungu tu, daktari.” Mwingine atasema kichwa chepesi, mwingine macho yanaingia kiza, mwingine nyumba inazunguka. Maelezo hayo yana faida, ila yanabadilika badilika. Mgonjwa yuleyule hueleza hivi leo na vile kesho. Yasiyobadilika ni muda na kichochezi. Hayo mawili ndiyo ya kuyaangalia kwa makini.

Muda: kikianza, kinakaa sekunde, dakika, saa au siku? Usihesabu uchovu unaobaki baadaye. Hesabu ule wakati wa kuzunguka wenyewe, tangu uanze hadi ukome. Nimewaona watu wanaosema “ni siku nzima”, na ukiwauliza polepole unakuta ni sekunde ishirini mara nane kwa siku, na katikati ni hofu ya kinachofuata.

Kichochezi: kinaanza ukifanya nini? Ukigeuka kitandani? Ukiinuka kutoka kwenye mkeka au baada ya kusujudu? Ukiangalia juu kuanika nguo? Ukiwa kwenye umati? Au kinakujia hata umetulia kwenye kiti?

Kinachoambatana nacho: mlio sikioni, kusikia vibaya, kichwa kuuma, kuchukia mwanga, moyo kudunda, hedhi nyingi.

Dawa zote: za hospitali, za dukani, za miti shamba. Beba pakiti zenyewe. Jina la dawa ulikumbukalo kwa rangi ya kidonge halimsaidii daktari.

Na jambo moja ambalo watu hawalifikirii: simu yako. Kizunguzungu kikija, mtu wa nyumbani akupige video ya karibu ya macho yako, yakiwa wazi, kwa nusu dakika. Mboni zikiruka, na zinaruka kuelekea upande gani, hiyo inaweza kumpa daktari jibu ambalo asingelipata mchana akikukuta umetulia.

Cha sekunde chache, ukigeuka kitandani

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu hiki ndicho kizunguzungu cha sikio kinachotokea zaidi, kinatibika kwa mikono mitupu, na bado watu wanateseka nacho miezi.

Mama mmoja wa miaka hamsini na ushei aliletwa na binti yake akiwa ameshikwa kwapani. Kila alfajiri, akigeuka upande wa kulia kuzima kengele ya simu, chumba kilimzunguka hadi akashika godoro kwa mikono miwili. Muda haukufika dakika. Alikuwa ameshatibiwa homa ya matumbo mara mbili. Tulimkalisha kitandani, nikamwambia, “Mama, geuza uso kulia, usifumbe macho hata ukisikia vibaya,” tukamlaza haraka, kichwa kikining’inia kidogo nje ya ukingo. Kwa sekunde chache hakikutokea kitu. Kisha mboni zikaanza kuruka kwa kuzunguka, kuelekea sikio lililokuwa chini, na mama akanikaba mkono. Punde zikatulia zenyewe.

Hicho ndicho kipimo cha Dix-Hallpike, kilichoelezwa London mwaka 1952. Hakihitaji umeme wala maabara, ni kitanda tu na macho ya anayepima. Kinaonyesha ugonjwa ambao madaktari huuita BPPV: chembe ndogo za chokaa zilizo katika sikio la ndani zimebanduka mahali pake na kuingia kwenye mfereji unaopima mizunguko ya kichwa. Ukigeuka, chembe hutembea ndani ya maji ya mfereji kama mchanga kwenye chupa, na ubongo hupewa habari kwamba unazunguka. Umri, kugongwa kichwa na kulala kitandani kwa muda mrefu huchangia. Mara nyingi hakuna sababu inayoonekana.

Tiba ni kuzungusha kichwa kwa mpangilio ili chembe zirudi zilikotoka. John Epley, daktari wa Marekani, alianza kuonyesha mbinu hiyo mwaka 1980, akapingwa kwa miaka na wenzake, hadi ilipochapishwa mwaka 1992. Leo ndiyo tiba ya kwanza duniani kote, na takriban wagonjwa wanane kati ya kumi hupona kwa kufanyiwa mara moja au mara chache.

*Naweza kujifanyia mwenyewe?* Unaweza, lakini tu baada ya mtaalamu kuthibitisha ni ugonjwa huu na ni sikio lipi. Usijaribu kama una shida kubwa ya shingo au ya uti wa mgongo, au umewahi kupata kiharusi, bila ruhusa ya daktari. Kwa sikio la kulia hatua ni hizi:

1. Kaa kitandani miguu imenyooka, mto ukiwa nyuma yako mahali mabega yatakapofikia.
2. Geuza uso kulia nusu ya njia kuelekea begani.
3. Lala chali kwa haraka, mabega juu ya mto, kichwa kikishuka kidogo. Subiri kizunguzungu kikome, kisha ongeza nusu dakika.
4. Bila kuinua kichwa, geuza uso taratibu hadi kushoto, kwa kiasi kilekile. Subiri nusu dakika.
5. Lalia ubavu wa kushoto, uso ukiangalia sakafu. Subiri tena.
6. Inuka ukae ukitokea ubavu huo wa kushoto, kidevu kikiwa chini kidogo. Usisimame mara moja.

Sikio likiwa la kushoto, geuza kila kitu. Mtu awe karibu nawe, na ndoo pia, maana kichefuchefu ni cha kawaida. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kuacha katikati ya hatua ya tatu kwa sababu dunia imezunguka. Kuzunguka huko maana yake chembe zinatembea, kwa hiyo vumilia sekunde hizo. Kosa la pili ni kurudia mbinu hii kwa wiki nyingi bila nafuu. Ikishindikana baada ya siku chache, huenda chembe ziko kwenye mfereji mwingine, au ugonjwa si huu. Rudi.

Cha kuinuka ghafla

Hapa macho yanaingia kiza, unashika ukuta, kisha unakaa sawa. Ukilala hakikupati kabisa, hata ukigeuka. Mshukiwa ni presha inayoshuka unaposimama, na kipimo chake ni kile ambacho hakifanywi: kupimwa umelala kwa dakika tano, kisha umesimama, baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, jibu limepatikana. Mtu aliyepimwa ameketi kwenye benchi la mapokezi akaambiwa “presha iko sawa” hajapimwa hiki. Omba kwa adabu: “Daktari, naomba nipimwe nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama.”

Sababu ni nyingi na nyingine zinaonekana wazi: maji kidogo mwilini kwa kuharisha, jua au saumu, upungufu wa damu, hasa kwa wenye hedhi nyingi na wajawazito, kisukari cha muda mrefu, na dawa. Dawa za presha zenyewe, hasa zile za kukojoza, za tezi dume, za usingizi na za msongo, zinaweza kuleta hali hii. *Basi niache dawa za presha?* Hapana, usiache. Nenda ukaombe dozi au muda wa kumeza uangaliwe upya. Kuziacha ghafla kumewaletea wengi kiharusi.

Cha dakika hadi saa

Kikija kwa vipindi, kikakaa kati ya dakika 20 na saa kadhaa, na sikio moja likajaa, likapiga mlio na kusikia vibaya, daktari atafikiria ugonjwa wa Ménière. Huu unahitaji kipimo cha usikivu, si picha ya X-ray. Hapo ndipo daktari wa masikio, pua na koo anahitajika kweli.

Kama hakuna shida ya kusikia, lakini tangu ujana unaumwa kichwa upande mmoja, mwanga na kelele vinakuudhi, kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu cha dakika tano hadi saa 72. Hata siku ambayo kichwa hakiumi. Hili huwashangaza wengi, na ndiyo maana linapita bila kutambuliwa.

Cha siku nzima bila kukata

Umeamka, dunia inazunguka, unatapika, na hadi kesho yake haijakoma. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa sikio la ndani uliovimba, nao hupoa wenyewe kwa siku na wiki. Lakini kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo kinaweza kufanana nao kabisa, bila mkono wala mguu kulegea. Kwa hiyo mtu huyu aonwe siku hiyohiyo.

Daktari aliyefunzwa atafanya mambo matatu kwenye macho: atakigeuza kichwa chako kwa haraka kidogo huku ukimtazama puani, ataangalia mboni zinaruka upande gani, na ataziba jicho moja kisha jingine kuona kama jicho linapanda au kushuka. Cha kushangaza, kwa mgonjwa ambaye kizunguzungu chake kinaendelea, macho yakibaki yamekaza vizuri puani kichwa kinapogeuzwa, wasiwasi wa kiharusi unaongezeka. Mboni zinazobadili upande wa kuruka kulingana na unakotazama nazo ni ishara mbaya.

Na picha ya CT? Ni nzuri kuonyesha damu iliyovuja. Viharusi vingi vya nyuma ya ubongo haivioni siku ya kwanza. Kwa hiyo kwa mtu anayeyumba hadi kushindwa kusimama, picha safi si ruhusa ya kurudi nyumbani.

Cha miezi

Wapo waliopona ugonjwa wa mwanzo, lakini miezi mitatu baadaye bado wanasikia kuyumba karibu kila siku, zaidi wakisimama, wakiingia Kariakoo siku ya msongamano au wakitazama skrini inayopita haraka. Vipimo ni safi. Tafadhali, ndugu wa mgonjwa huyu, msimwambie anajifanya. Hali hii inatambulika kitabibu, ubongo umebaki katika tahadhari, na husaidiwa na mazoezi ya kusawazisha mwili, ushauri nasaha na wakati mwingine dawa za daktari.

Makosa yanayokupotezea fedha na muda

Kutibiwa homa ya matumbo kwa kipimo kimoja cha Widal bila homa ni mojawapo. Kipimo hicho hushika kingamwili ambazo zinaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa au chanjo, na hakielezi kwa nini unazunguka ukigeuka kitandani.

Jingine ni X-ray ya shingo inayoonyesha “mifupa imesagika”. Ukipiga picha shingo za watu wenye zaidi ya miaka hamsini utakuta hivyo kwa wengi, wakiwemo wasio na kizunguzungu hata kidogo. Kola ya shingo kwa miezi haisaidii sikio.

Dawa za kutuliza, kama sinarizini, promethazini na prokloperazini, zinafaa kwa siku mbili tatu za kutapika. Zikizidi hapo, zinauchelewesha ubongo kujirekebisha, na kwa wazee sinarizini au prokloperazini ya miezi inaweza kuleta mikono kutetemeka na mwendo wa kujikokota. Kama bibi nyumbani anameza kidonge hicho tangu mwaka jana, mrudisheni kwa daktari mkiwa nacho mkononi.

Na dawa zinazodhuru sikio la ndani: sindano za gentamisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini. Zinaokoa maisha na daktari hazitoi ovyo, lakini ukiwa kwenye dozi ukaanza kuyumba au kusikia mlio, sema siku hiyohiyo. Usikubali kuchomwa sindano hizo dukani kwa “homa tu”.

*Wazee wanasema ni jini au nimechezewa.* Siwezi kumkataza mtu dua, na sioni ubaya wake. Ninachoomba ni kwamba dua na hospitali viende pamoja, na kwamba mgonjwa asipewe moshi wa kufukiza wala dawa ya kutapisha akiwa tayari anatapika na hajanywa maji.

Uanzie wapi, na uombe rufaa lini

Anzia zahanati au kituo cha afya. Tabibu mzuri anaweza kupima presha umelala na umesimama, sukari, wingi wa damu, ujauzito, kuangalia sikio kama lina nta au usaha, kutazama unavyotembea, na kufanya kipimo cha kitandani nilichoeleza. Kwa mwenye kuzimia au moyo kurukaruka, kipimo cha umeme wa moyo ni lazima.

Omba rufaa kama:

- usikivu umeshuka, au mlio uko sikio moja tu;
- sikio linatoa usaha usiokoma;
- mbinu ya Epley imefanywa ipasavyo na hujapona;
- unaanguka, au mwendo unazidi kuharibika;
- wiki kadhaa zimepita na hakuna aliyekwambia jina la ugonjwa.

Mabingwa wa masikio, pua na koo wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, na kwenye baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa. Wakenya wanao Kenyatta. Wa bima waende na barua ya rufaa, ili wasirudishwe mlangoni. Beba majibu yote ya zamani, hata yale uliyoyaona hayana maana, na usimeze dawa ya kutuliza kizunguzungu asubuhi hiyo bila kumuuliza daktari, kwa sababu inaweza kuficha dalili za macho anazozitafuta.

Ukipewa jina la ugonjwa, uliza mambo matatu: umeujuaje, nitegemee nafuu lini, na nikiona nini nirudi mapema.

Wakati unasubiri kupona

Usipande ngazi, mnazi wala paa. Usiendeshe gari, bajaji au pikipiki hadi vipindi vikome. Usichote maji kisimani peke yako, na jiko la mkaa liwashwe na mwingine. Usiku acha taa ndogo njia ya chooni. Wazee wengi huvunjika nyonga hapo.

Lakini usilale siku nzima. Kutapika kukitulia, anza kutembea ndani ya nyumba, kisha nje. Nyosha mkono, kaza macho kwenye ukucha wa dole gumba, ugeuze kichwa kushoto na kulia kwa dakika moja, mara kadhaa kwa siku. Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi kinaruhusiwa, kikikutapisha punguza kasi.

Kama kazi yako ni ya juu, ya mashine au ya usukani, mwombe daktari barua kwa mwajiri inayotaja kazi gani usifanye na hadi tarehe gani. Madereva na mafundi wengi hurudi kazini mapema kwa kuogopa kufukuzwa, na barua ya mistari mitatu ingewalinda. Iombe kabla hujatoka chumbani kwake.